Mpira wa Kriketi: Upi kwa Mashindano, Upi kwa Mazoezi?

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno haya ni ya kweli shambani, maana mkulima hodari hulima kwa jembe lolote apewalo, na mvivu hutafuta udhuru katika mpini. Lakini katika mchezo wa kriketi mambo sivyo yalivyo. Hapa jembe lenyewe, yaani mpira, laweza kumfundisha mchezaji au kumharibu. Laweza kuhifadhi fedha ya klabu au kuipoteza. Na likichaguliwa vibaya kwa ajili ya watoto, laweza kumvunja mtoto vidole, au kumtia hofu isiyomtoka mpaka auache mchezo kabisa.

Msomaji na amfikirie mwalimu wa michezo aliyekabidhiwa na kamati ya shule fedha ya kununua mipira ya mwaka mzima. Aingia dukani mjini, na mbele yake aona mipira imepangwa katika visanduku vyake. Yote ni myekundu, yote inang'aa, na yote ni ya mviringo. Lakini huu bei yake ni ndogo, na ule bei yake ni kubwa mara kadha. Je, anunue mingi ya bei rahisi, au michache ya bei ghali? Akikosea, kosa lake halitaonekana siku hiyo. Litaonekana miezi miwili baadaye, mipira itakapokuwa imepoteza umbo na mfuko wa shule hauna kitu.

KILICHO NDANI YA MPIRA

Mtu asiyejua kilicho ndani ya mpira hawezi kujua sababu ya bei yake. Katikati ya mpira wa kriketi pana kokwa ya gome jepesi la mti, gome lile lile litumikalo kwa vizibo vya chupa. Kokwa hiyo huzungushiwa uzi wa sufu, tabaka juu ya tabaka, nao uzi huvutwa kwa nguvu ili mpira uwe mgumu na sawasawa pande zote. Juu ya uzi huvikwa ngozi iliyotiwa dawa na kupakwa rangi. Kisha nusu mbili za ngozi hiyo huunganishwa kwa mistari sita ya uzi, ambayo huinuka kidogo juu ya ngozi na kuuzunguka mpira kama mshipi kiunoni. Huo ndio mshono, na mshono ndio roho ya mpira wa kriketi. Mpira ukianguka juu ya mshono wake hugeuka upande, na mshono ukielekezwa vema hewani huupindisha mpira kabla haujafika chini. Mpira usio na mshono mzuri humnyang'anya mrushaji nusu ya silaha zake.

Ngozi yenyewe ni ya namna mbili. Mipira iliyo bora ina ngozi ya vipande vinne, yaani kila nusu imefanywa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshono wa ndani. Mipira iliyo nafuu ina vipande viwili tu, na kila nusu ni ngozi moja iliyokandamizwa katika kalibu mpaka ikawa kama kikombe. Mpira wa vipande vinne hushika umbo lake kwa muda mrefu zaidi. Ule wa vipande viwili ni rahisi kuutengeneza, lakini kwa kawaida huwahi kupoteza umbo. Njia ya kuitambua ni nyepesi: mnunuzi autazame mpira kwa makini kando ya mshono mkuu. Akiona mstari mwembamba unaokata katikati ya kila nusu, huo ni wa vipande vinne. Asipouona, ni wa vipande viwili.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria za kriketi hutunzwa na klabu ya London iitwayo Marylebone Cricket Club, iliyoanzishwa mwaka 1787. Lakini habari ya uzito wa mpira ni ya zamani kuliko klabu hiyo. Sheria zilizoandikwa mwaka 1744 zilitaka mpira uwe na uzito wa kati ya wakia 5 na wakia 6. Miaka 30 baadaye, yaani mwaka 1774, nafasi hiyo ilipunguzwa ikawa kati ya wakia 5½ na wakia 5¾, na hata leo mpira wa wanaume unafuata kipimo hicho.

Kwa vipimo vya sasa, mpira mpya wa wanaume hupasa kuwa na gramu 156 hadi 163, na mzingo wake uwe sentimita 22.4 hadi 22.9. Sheria zilizotolewa mwaka 2017 zilitaja pia mipira ya wengine. Mpira wa wanawake ni wa gramu 140 hadi 151, na mzingo wa sentimita 21.0 hadi 22.5. Mpira wa watoto walio chini ya miaka 13 ni wa gramu 133 hadi 144, na mzingo wa sentimita 20.5 hadi 22.0. Mwenye kutazama tarakimu hizi haraka haraka aweza kudhani kwamba tofauti ya gramu 20 si kitu. Lakini kiganja cha mtoto wa miaka 11 hakidhani hivyo, wala vidole vyake havidhani hivyo mpira unapomjia kwa kasi.

Kabla ya mechi kuanza, mipira itakayotumika huidhinishwa na waamuzi na manahodha wote wawili. Tena nahodha ye yote aweza kudai mpira mpya mwanzoni mwa kila zamu ya kupiga, isipokuwa kama walipatana vingine kabla ya mchezo. Mpira ukipotea, au ukiharibika hata usifae, waamuzi huleta mwingine uliochakaa kiasi kile kile, si mpya. Kwa hiyo klabu yenye busara haitupi mipira yake ya zamani. Mpira wa jana waweza kuhitajika kesho saa ile mpira wa mashindano utakapotumbukia mtoni.

KILA NCHI NA MPIRA WAKE

Wengi hudhani kwamba mpira bora ni mmoja kwa dunia nzima. Sivyo. Hata katika mechi kubwa kuliko zote, zile za siku tano, kila nchi hutumia mpira unaopatana na ardhi yake. Uingereza hutumia Dukes, jina lililotokana na familia ya Duke iliyokuwa ikitengeneza mipira katika jimbo la Kent tangu karne ya 18. Mshono wake umeinuka, umeshonwa kwa mkono, nao hudumu kwa sababu nyasi za huko ni laini na hazikwaruzi ngozi. India hutumia SG, mpira wa kampuni iliyoanzishwa Sialkot mwaka 1931, ambayo ilihamia upande wa India baada ya nchi kugawanyika mwaka 1947. Huo nao hushonwa kwa mkono, na mshono wake ulioinuka huwafaa warushaji katika nchi kavu yenye vumbi. Australia na nchi nyingine nyingi hutumia Kookaburra, ambao sehemu kubwa ya mshono wake hushonwa kwa mashine. Mshono huo hulala upesi zaidi, na warushaji hupaswa kutumia vema ova zile za kwanza mpira ungali mpya.

Jambo la kujifunza hapa si jina la kiwanda. Jambo la kujifunza ni kwamba hao wote walianza kwa kuitazama ardhi yao, kisha wakauchagua mpira. Basi na shule iliyo katika Afrika ya Mashariki ifanye vivyo hivyo. Yako mahali ambapo kriketi huchezwa juu ya mkeka uliotandikwa juu ya sementi, na uwanja wa pembeni una changarawe na nyasi chache. Hapo mpira wa ngozi laini, hata ukiwa na jina kubwa, utakuwa umekwaruzika vibaya kabla ya jua kufika utosini. Mahali kama hapo heri mpira wenye ngozi nene na ngumu kidogo, hata kama si wa kifahari. Mpira wa fahari na utunzwe kwa ajili ya kiwanja chenye nyasi.

Rangi nayo ina kazi yake. Mpira mwekundu ni wa mechi za mchana, ambapo wachezaji huvaa nguo nyeupe. Mpira mweupe hutumika katika mechi za ova chache, hasa zile zichezwazo chini ya taa, na Kombe la Dunia la mwaka 1992 lilikuwa la kwanza kuchezwa kwa mpira huo. Mpira wa waridi ulitengenezwa kwa mechi za siku tano ambazo huendelea mpaka usiku, na mechi ya kwanza ya namna hiyo ilianza Adelaide tarehe 27 Novemba 2015, baina ya Australia na New Zealand. Mpira mweupe huchafuka na kuchakaa upesi. Ndiyo sababu tangu Oktoba 2011 mechi za kimataifa za siku moja huanzwa kwa mipira miwili mipya, mmoja kila upande wa kiwanja. Shule isiyo na taa, na ambayo vijana wake huvaa nguo nyeupe, haina haja ya kununua mpira mweupe.

KIPYA KINYEMI

Waswahili husema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Hivyo ndivyo vijana wengi wauonavyo mpira mpya. Hupenda kuushika, kuunusa, na kuuangalia unavyong'aa. Ni kweli kwamba mpira mpya ni silaha ya mrushaji wa kasi: ni mgumu, mshono wake umesimama, na ngozi yake hupita hewani bila kizuizi. Katika mechi za siku tano, nahodha aweza kudai mpira mpya baada ya ova 80, na mara nyingi hudai mara moja.

Lakini mpira uliochakaa nao una watu wake. Mrushaji anayezungusha mpira kwa vidole au kwa kiganja huutaka uliokwisha kupoteza utelezi, ili vidole viushike barabara. Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 mjini Nairobi. Siku hiyo kijana Collins Obuya alizitwaa wiketi 5 kwa mikimbio 24 tu, naye hakuwa mrushaji wa kasi bali wa kuzungusha. Kijana kama huyo hawezi kupatikana katika shule ambayo mazoezi yake yote ni ya mpira mpya unaoteleza, wala katika shule ambayo hana mpira wa ngozi wa kujizoeza nao.

Wachezaji huusugua mpira kwenye nguo upande mmoja ili upande huo ubaki laini na mwingine ukwaruzike, na kwa tofauti hiyo mpira hupinda hewani. Kusugua kwa nguo na kwa jasho ni halali. Mate yalikatazwa katika mechi za kimataifa mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na tangu Oktoba 2022 sheria zenyewe zimeyakataza. Kuukwaruza mpira kwa kucha, kwa kizibo cha chupa au kwa msasa ni udanganyifu. Mwezi wa Machi 2018 wachezaji watatu wa Australia walifungiwa kwa miezi mingi baada ya msasa kutumiwa katika mechi ya Cape Town. Mwalimu na awaeleze vijana wake jambo hili mapema, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi.

MPIRA WA MAZOEZI

Sasa ndipo penye swali gumu. Shule nyingi huhifadhi mipira ya ngozi kwa siku za mashindano, na siku nyingine zote hujizoeza kwa mpira wa tenisi. Faida yake yaonekana wazi: mpira wa tenisi ni rahisi, hauumizi, wala hauvunji dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu. Katika miji ya Pakistan vijana huuzungushia tepu ya mafundi wa umeme ili upite hewani kwa kasi zaidi, na mitaani mchezo huo una wapenzi wasiohesabika. Kwa kumfundisha mtoto mdogo kulitazama jicho la mpira na kulinyosha gongo, hakuna kitu bora kuliko mpira laini.

Hata hivyo kijana aliyekwisha kukua asiachwe na mpira wa tenisi peke yake. Mpira huo una gramu 56 hadi 59, yaani hata nusu ya uzito wa mpira wa kriketi haufiki. Hudunda juu kupita kiasi, na hauna mshono. Mpigaji aliyeuzoea hujifunza kuungoja mpira kifuani, kumbe siku ya mechi mpira wa ngozi wamfikia gotini. Mdakaji aliyeuzoea hujifunza kuudaka kwa vidole vigumu, na siku ya mechi vidole hivyo vyaumia. Hofu ya mpira mgumu haiondoki kwa maneno ya kutia moyo. Huondoka kwa kuuzoea kidogo kidogo, mchezaji akiwa amevaa kinga za miguu, glavu na kofia ya kujikinga.

Kwa hiyo mpango ulio mwema ni huu. Mpira wa vipande vinne uanze kazi yake katika mashindano. Ukiisha kutumika huko ushuke daraja, uwe mpira wa warushaji na wapigaji katika mazoezi. Ukichoka zaidi, uwe wa kujizoeza kudaka. Pamoja na hiyo inunuliwe mipira michache ya vipande viwili, ambayo ina uzito ule ule wa sheria, ili ibebe mzigo mkubwa wa mazoezi ya kila siku. Uzito ukiwa sawa, mkono haupotoki. Na umbo likiharibika, hasara si kubwa.

WATOTO KWANZA

Pana methali isemayo, "Mtoto akililia wembe, mpe." Katika jambo hili methali hiyo isifuatwe. Mtoto mdogo hupenda kuchezea mpira wa wakubwa, naye akiupewa hufurahi, lakini kiganja chake hakiwezi kuushika mshono vizuri wala bega lake haliwezi kuurusha mbali bila kujipinda. Mazoea mabaya yaanzayo hapo ni shida kuyatoa baadaye.

Tena ipo hatari kubwa zaidi. Tarehe 25 Novemba 2014, Phillip Hughes, mpigaji wa timu ya taifa ya Australia, alipigwa na mpira shingoni katika uwanja wa Sydney, akafariki dunia siku mbili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 25, alikuwa amevaa kofia ya kujikinga, na alikuwa mmoja wa wapigaji hodari wa nchi yake. Ajali za namna hiyo ni chache sana, wala si sababu ya kuuogopa mchezo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutowapa watoto mpira wa gramu 160 bila kinga, juu ya kiwanja chenye mashimo, ambapo mpira waweza kuruka usoni ghafula. Mtoto wa chini ya miaka 13 apewe mpira wa kipimo chake, au mpira laini. Na kama kinga hazitoshi kwa wote, mpira wa ngozi urushwe kwa wale tu waliozivaa.

KUUCHAGUA NA KUUTUNZA

Dukani mnunuzi asitazame mng'ao, kwa sababu mng'ao ni rangi na nta tu. Kwanza autazame mshono: je, umenyoka, na nyuzi zake zimekazwa sawasawa pande zote? Pili aubingirishe mpira mezani: ukiyumba, si mviringo kamili. Tatu aubonye kwa kidole gumba: usibonyee kwa urahisi. Nne aupime. Mizani ya kupimia barua yatosha kwa uzito, na utepe wa fundi cherehani watosha kwa mzingo. Mwenye duka mwaminifu hatachukia. Mwenye kuchukia ameonyesha thamani ya bidhaa zake.

Mpira uliokwisha kununuliwa uwekwe mahali pakavu penye kivuli. Ukilowa, upanguswe kwa kitambaa na kuachwa ukauke polepole, wala usianikwe juani au karibu na moto, maana ngozi hukakamaa na kupasuka. Nyuzi zilizoanza kulegea zitazamwe mapema, kwa sababu asiyeziba ufa hujenga ukuta. Tena ni vema kila mpira uwe na namba, na daftari liwekwe kuonyesha siku uliponunuliwa, mechi ulizochezewa, na siku uliposhushwa kwenda mazoezini. Daftari hilo likitunzwa mwaka mmoja tu, mwaka wa pili mwalimu atajua mpira upi ulidumu katika kiwanja chake na upi ulikuwa hasara. Hakuna tangazo la biashara liwezalo kumwambia jambo hilo.

Basi yule mwalimu aliyesimama dukani na aanze kwa kuhesabu, siyo kwa kutazama bei. Ahesabu mechi zilizo katika ratiba yake, na atenge mipira miwili ya vipande vinne kwa kila moja iliyo kubwa, maana kila timu ina zamu yake ya kupiga. Ahesabu siku za mazoezi, na anunue mipira ya vipande viwili ya kuzitosha. Ahesabu watoto wake wadogo, na awanunulie mipira ya kipimo chao kabla ya kununua kitu kingine cho chote. Akifanya hivyo atatoka dukani na mipira michache kuliko alivyotaka, na pengine kamati itamwuliza sababu. Jibu lake litapatikana mwisho wa mwaka, mipira itakapokuwa ingali kazini na vidole vya wanafunzi wake vikiwa vizima.